Jaji wa mirathi huku Texas anapigiwa kura kwa chama kama mbunge, na wengi wetu hata jina lake hatulijui

Mzee wa Nyamagana (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za leo. Huu uzi nimekaa nao kichwani muda mrefu, leo niko off nimeona niuandike wote kwa pamoja hata kama utakuwa mrefu, anayesoma asome taratibu. Unatuhusu zaidi sisi tulioko Texas lakini naamini wa majimbo mengine mna yenu ya kuongeza, na ndugu zetu walioko nyumbani pia unawagusa, maana mtu akifia huku mirathi yake inawafikia na wao huko.

Nianze na kisa. Kuna rafiki yetu, sitamtaja, alifariki ghafla, presha ilimpanda akiwa kazini na hospitali hakufika. Mtu wa Mwanza kama mimi. Aliacha mke hapa na watoto wawili wadogo, na nyumba waliyonunua baada ya kuoana, mkopo bado wanalipa. Wosia hakuandika. Tukaweka msiba, tukachanga, tukasafirisha mwili, arobaini ikapita, alafu ndo habari za karatasi zikaanza. Shemeji akienda benki anaambiwa lete hati ya mahakama, akipiga simu kwa wenye mkopo wa nyumba anaambiwa hivyohivyo.

Kwetu tumezoea, ukoo unakaa kikao, mnampendekeza msimamizi wa mirathi, mnaandika muhtasari, mnasaini wote, mnakwenda nao Mahakama ya Mwanzo. Mi nikadhani ndo hivyohivyo, nikamwambia shemeji ngoja tuandae muhtasari. Wakili akatuambia hapana, huku muhtasari wa ukoo hauna kazi. Mtu akifa bila wosia na familia ikapeleka shauri, mahakama ya mirathi inatamka kwanza warithi ni kina nani, na jaji anateua wakili mwingine kabisa ambaye si wa mke wala si wa ndugu, kazi yake ni kumtafuta mrithi yeyote asiyejulikana na kuwasemea watoto wadogo, na malipo yake yanatoka humohumo kwenye mali ya marehemu. Alafu wanatakiwa mashahidi wawili waliomjua marehemu na familia yake vizuri na ambao wenyewe hawarithi kitu. Mmoja nikawa mimi.

Siku yenyewe chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyotegemea. Jaji mama wa makamo, joho jeusi, miwani ameishusha puani, faili mbele yake. Nikanyoosha mkono nikaapa. Maswali ya kawaida, ulimjua lini, aliwahi kuoa kabla, wazazi wake wako hai. Alafu akauliza, je, alikuwa na watoto wengine, popote pale?

Hapo nilisita. Maana nilijua. Kuna binti yuko Mwanza, alimzaa kabla hajaja Marekani, wakati ule ana miaka 19 yuko chuo. Na watu wa pande zote mbili walishanong'ona na mimi kwamba mzee usije ukalikoroga, acha yaishe. Lakini nimeshaapa. Nikasema ndiyo, yupo mmoja.

Yule jaji hakupandisha sauti. Aliweka kalamu chini akamgeukia wakili aliyemteua akamuuliza, huyu binti umeongea naye? Hajaongea naye. Akaahirisha palepale. Akaagiza binti atafutwe, aongeleshwe kwa video na mkalimani wa Kiswahili awepo, na cheti chake cha kuzaliwa cha RITA, wale wa usajili wa vizazi kule Tanzania, kiletwe. Kumbe sheria ya Texas iko hivi, kama watoto wote wa marehemu ni wa huyohuyo mke aliyebaki basi mke anachukua yote waliyochuma pamoja, lakini marehemu akiwa na mtoto hata mmoja wa nje ya ndoa ile, mke anabaki na nusu yake na ile nusu ya marehemu inakwenda kwa watoto wake wote. Kwa hiyo nyumba ile mke nusu, na nusu ya pili watoto watatu wakagawana, kila mmoja moja ya sita. Na mke hatolewi ndani, ana haki ya kuishi humo mpaka mwisho wa maisha yake. Binti akapata moja ya sita yake kwa sababu jaji aliuliza swali alafu akasubiri jibu. Faili lile mtu mwingine angelipitisha dakika kumi na hakuna ambaye angemlaumu, kila kitu kwenye karatasi kilikuwa kimekaa sawa.

Sasa ndo nifike kwenye mada. Mwaka huo nilikuwa nimeshaapa uraia na Novemba nikaenda kupiga kura yangu ya kwanza ya hapa. Wanaojua kaunti kubwa za Texas wanajua karatasi ya kura ilivyo, unabonyeza unabonyeza, seneta, mbunge, gavana, alafu majaji, majaji, majaji, unafika mahali macho yanauma. Karibu na mwisho nikaliona jina lake. Jaji yuleyule! Pembeni ya jina kimeandikwa chama chake. Hana mpinzani. Nikabonyeza kwa furaha kabisa, lakini nilipotoka nje nikawa najiuliza, nimechagua nini pale? Nikaanza kuulizia. Kumbe ameshachaguliwa tangu Machi, kwenye praimari ya chama, ni zile kura za maoni kama tunavyoziita kwetu, na alikuwa na mshindani ndani ya chama chake na walikaribiana. Siku hiyo ya Machi mi nilikuwa nimelala, nimetoka shifti ya usiku, na hata kama kuna kura sikujua. Mtu aliyeshika haki ya yule binti alikuwa anapimwa siku hiyo na mimi niliyemwona kazini kwa macho yangu sikwenda kumsemea.

Ndo maana nasema tuelimishane. Karibuni.

---

Bint Pangani

Asante kwa bandiko zito. Mi niko Houston mwaka wa saba na naomba niwe mkweli, nlikuwa najua majaji wanateuliwa na gavana. Yaani jaji wa mirathi anasimama kabisa kwa tiketi ya Democrat ama Republican? Anapiga kampeni anasema nini sasa, ntagawa urithi vizuri? Tufafanulie hatua kwa hatua mkuu.

---

Mzee wa Nyamagana

Dada, ndiyo, anasimama kwa tiketi ya chama. Iko hivi.

Kaunti kubwa za Texas, Harris ambayo ndo Houston yenyewe, Dallas, Tarrant, Bexar, Travis na nyingine chache, zina mahakama maalumu za mirathi. Dallas kwa mfano ziko tatu, Tarrant mbili. Kila mahakama ina jaji wake, lazima awe mwanasheria, muhula ni miaka minne. Anayetaka kiti anachukua fomu kwa mwenyekiti wa chama wa kaunti, hapeleki mahakamani, dirisha linafunguliwa katikati ya Novemba linafungwa katikati ya Desemba. Praimari ni Jumanne ya kwanza ya Machi. Kusipokuwa na aliyevuka nusu ya kura, wawili wa juu wanarudiana Mei. Alafu mshindi wa chama hiki anakutana na wa chama kile Novemba, kama huyo wa pili yupo.

Huku kujiandikisha kwa chama hakuna. Siku ya praimari unaenda na kitambulisho chako unaulizwa unataka karatasi ya chama gani, unachukua moja. Ila ukishapiga ya chama kimoja Machi, Mei huwezi kuhamia kwa wenzao.

Na jaji akifa au akijiuzulu katikati ya muhula, anayejaza nafasi ni baraza la makamishna wa kaunti. Yule aliyejazwa akija kugombea anakuja tayari anaitwa jaji, hiyo peke yake ni mtaji mkubwa.

Kuhusu kampeni nakubaliana na wewe, cha kusema ni kidogo sana. Kuna maadili yanayowabana, hawezi kuahidi ataamuaje kesi. Kwa hiyo kinachobaki kumtambulisha ni chama. Na chama hakina sera ya mirathi! Sijawahi kuona manifesto ya chama chochote inayosema mjane afanyiwe hivi au mzee aliyepoteza kumbukumbu apewe mlezi wa namna ile. Lile neno pembeni ya jina linakwambia msimamo wake labda wa mambo ya Washington, halikwambii kama anasoma faili mpaka ukurasa wa mwisho.

Na tusiichukulie kama mahakama ya kugawa nyumba tu. Mama yako akishikwa na ugonjwa wa kusahau, jaji huyuhuyu ndo anaamua kama awekewe mlezi, mlezi awe nani, na anaandika kabisa kwenye amri kama mama bado ana haki ya kupiga kura au hana. Ziko mahakama za mirathi zinazosikiliza hata mashauri ya kumlaza mgonjwa wa akili hospitali kwa lazima. Ni mtu ambaye utamkuta katika wiki mbaya kuliko zote za maisha yako.

---

Jirani Tandika

Mkuu na huko wakipiga kura si wanapiga kwa mafuriko? Chama kikivuma wanaingia wote, kikianguka wanaanguka wote, wazuri kwa wabaya.

---

Mzee wa Nyamagana

Umegusa penyewe. Angalia Harris mwaka 2018. Wakati ule kulikuwa na kitufe kimoja, ukikibonyeza umechagua chama chako kuanzia juu mpaka chini bila kusoma jina hata moja. Democrat walifagia majaji wa kaunti nzima, wanawake Weusi 17 waliingia kwenye ujaji usiku mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea Houston na mi nililifurahia sana, nisifiche. Lakini usiku huohuo waliondoka majaji waliokuwa wanasifiwa hata na mawakili wa chama pinzani, makosa yao ni kwamba walikuwa na neno Republican pembeni. Miaka ya nyuma ilishakuwa kinyume chake, 2010 Republican ndo walifagia. Kile kitufe kiliondolewa kuanzia uchaguzi wa 2020, na 2024 Republican wakarudisha viti kadhaa. Upepo tu. Yule wa mahakama ya mirathi hajafanya lolote jema wala baya, anapandishwa na anashushwa na mambo ya rais.

Na si mimi ninayelalamika peke yangu. Majaji wakuu wa Texas wenyewe, Wallace Jefferson na baada yake Nathan Hecht, wote Republican na wote walishinda kwa chama, walisimama wakasema huu utaratibu wa vyama kwa majaji uachwe. Bunge likaunda tume, ikatoa ripoti mwisho wa 2020, wengi wa wajumbe wakasema vyama vitoke. Mpaka leo viko palepale.

---

Mtepe

Assalaam alaykum ndugu zangu, niko Mombasa, nimesoma yote. Huku kwetu mirathi ya Waislamu iko kwa kadhi, na kadhi haombi kura kwa mtu, anateuliwa na Tume ya Huduma za Mahakama. Hata majaji wakubwa, tangu katiba ya 2010 usaili wao twauona kwenye runinga, mtu aulizwa maswali mbele ya nchi nzima mpaka atoka jasho. Sisemi kwetu kumekamilika, lawama ziko. Lakini hili la kwenu lanitia khofu kwa jambo moja. Kampeni yataka pesa. Pesa atoa nani? Mwananchi wa kawaida hamjui jaji wa mirathi. Wamjuao ni mawakili wa mirathi, wasimamao mbele yake kila wiki. Sasa akiwa ndiye ateuaye yule wakili wa kutafuta warithi, na malipo yatoka kwa mali ya yatima, mtamzuia vipi asimpe yule aliyemchangia?

---

Mzee wa Nyamagana

Wa alaykum salaam kaka Mtepe. Hilo swali lako ndo roho ya uzi mzima.

Texas walijaribu kuliziba mara mbili. 1995 ikatungwa sheria ya kuweka kiwango cha juu cha mchango kwa wagombea ujaji, maana kabla ya hapo ilikuwa hakuna mwisho. Alafu 2015 ikaja nyingine, mahakama ziwe na orodha ya mawakili wenye sifa na wateuliwe kwa zamu, aliye juu ya orodha ndo anayefuata, na jaji akiruka zamu awe na sababu inayokubalika kisheria. Kwa hiyo ule mlango wa kumpa rafiki kila siku umebanwa. Haujafungwa kabisa lakini umebanwa.

Ukitaka kuona mlango ukiwa wazi nenda New York. Kule jaji wa mirathi naye anachaguliwa kwa chama, na pale jijini muhula wake ni miaka 14, hebu fikiria, mtoto anazaliwa anamaliza darasa la saba jaji ni yuleyule. Mwaka 1966 Robert Kennedy akiwa seneta aliamua kuingia mwenyewe kwenye praimari ya kiti hicho cha Manhattan, akampigia debe Samuel Silverman dhidi ya mtu wa wakubwa wa chama, wakashinda. Seneta wa Marekani anahangaika na kiti cha mirathi! Alijua kuna nini pale. Na bado haikuisha, kule Brooklyn jaji Michael Feinberg aliondolewa kazini 2005 na mahakama ya juu kabisa ya jimbo kwa sababu alikuwa anamwidhinishia rafiki yake wa siku nyingi, aliyempa kazi mwenyewe, ada za mamilioni kutoka kwenye mali za watu waliokufa bila wosia, bila hata kudai kile kiapo cha maandishi kinachoeleza kazi iliyofanyika. Walioliwa ni watu wasio na wa kuwasemea, wazee waliokufa peke yao kwenye apatimenti na ndugu wako bara jingine. Nikisoma habari ile nawafikiria watu wetu.

---

Mama Wawili wa Lewiston

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Niko Maine, kwa asili ni Mrundi nimekulia Kigoma kambini. Naongezea la huku. Maine majaji wote wanateuliwa na gavana isipokuwa hawa wa mirathi tu, hawa ndo wanachaguliwa, kwa chama, kila kaunti wake, kaunti ziko 16, miaka minne minne. Na siyo kazi ya kutwa! Ni jaji siku fulani fulani, siku zingine anarudi ofisini kwake ni wakili wa kawaida ana wateja wake. Mimi sikuamini mpaka nilipoonyeshwa.

Kilichonipeleka mahakamani ni mtoto wa marehemu dada yangu, nilikuja naye, shule ikawa inataka mlezi wa kisheria na hospitali hivyohivyo. Huku ulezi wa mtoto kwa kawaida unaombwa kwa jaji huyo wa mirathi. Nikajaza fomu na mkalimani, jaji akamuuliza mtoto kwa upole unapenda kukaa na nani, mtoto akaniangalia mimi kwanza akajibu na mama mdogo. Nililia pale. Karatasi ile ndo imeniwezesha kumtibu na kumsomesha, na familia nyingi za kwetu hapa Lewiston na Portland zina mtoto wa ndugu ndani, kwa hiyo jaji huyu tunamhitaji kuliko hata meya.

Sasa sikieni hili. Mwaka 1967 wananchi wa Maine walipiga kura kubadili katiba ya jimbo waondoe huu utaratibu wa kuwachagua hawa majaji. Wakashinda. Lakini maneno yakawekwa kwamba itaanza siku bunge litakapounda mahakama za mirathi zenye majaji wa kutwa. Bunge halijaunda mpaka leo. Ikatengenezwa kamati 2021 ije na mpango, mpango ukaja, pesa za kulipa majaji wa kutwa zikawa ndo mjadala. Watu waliopiga kura ile wengi wameshazikwa, na mirathi zao zimepitia mahakama ileile waliyotaka ibadilishwe.

---

Mwana wa Uvira

Ndugu zangu nawasalimu kwa jina la Yesu. Miye niko huku Texas ya magharibi, miji midogo, wakimbizi wa Kongo tuko wengi kiasi. Mzee wa Nyamagana ameongea ya miji mikubwa, huku kwenye kaunti nyingi ile mahakama maalumu haipo. Texas ina kaunti 254, na kwenye nyingi anayesikiliza mirathi ni yule wanaita jaji wa kaunti. Huyo si jaji kweli kweli, ni kama mkuu wa wilaya, yeye ndo anakaa na makamishna kupanga bajeti, barabara, moto ukiwaka yeye, mafuriko yeye. Na kuwa mwanasheria si lazima. Anaweza kuwa mkulima, mwenye duka la mbao, na anachaguliwa kwa chama. Kesi ikiwa na ugomvi inaweza kupelekwa kwa jaji wa juu au akaitwa jaji wa mirathi kutoka pengine, lakini zile zisizo na ugomvi anazimaliza yeye.

Miye simsemi vibaya. Mchungaji wetu alipofariki, mama mchungaji alikwenda, na yule mzee alimsikiliza vizuri kabisa, alimfahamu marehemu kwa jina. Hicho miji mikubwa hamna. Lakini alikuwa na bahati wosia ulikuwepo na umeandikwa vizuri.

---

Mzee wa Nyamagana

Mwana wa Uvira nashukuru, hilo la jaji wa kaunti lilitakiwa liwe kwenye bandiko la kwanza. Hata Harris wanaye, watu wengi walichanganyikiwa 2018 Lina Hidalgo alipochaguliwa na miaka 27, wakauliza jaji gani wa miaka 27 asiyekuwa mwanasheria, kumbe ni kiti cha kuendesha kaunti, mirathi haimhusu kwa sababu pale mahakama maalumu zipo. Jina ni moja, kazi mbili tofauti kulingana na mahali ulipo. Kwa hiyo ukihama kaunti uliza upya.

---

Kamba Boy

Niko Alabama na huku ndio mtashangaa. Judge wa mirathi yuko kwa kila kaunti, kaunti 67, miaka sita, kwa chama. Kaunti nyingi hahitaji kuwa wakili. Na huyo huyo ndiye afisa mkuu wa uchaguzi wa kaunti! Kwa kaunti nyingi namba ya gari unalipia ofisini kwake. Cheti cha ndoa unapeleka kwake, tangu 2019 hakuna leseni ya ndoa tena, mnajaza fomu mnatia sahihi mnampelekea anarekodi. Kwa hivyo watu wanamjua sana, lakini wanamjua kwa namba za magari. Akisimama tena wanampigia kwa sababu laini ilikuwa fupi siku walienda kulipia gari. Sisemi ni vibaya laini kuwa fupi, lakini siku mamangu mkwe alihitaji mlezi wa mali yake hiyo si ndio sifa nilikuwa natafuta.

---

Jirani Tandika

Mi niwe tofauti kidogo, msinielewe vibaya. Nyie mnalia na kuchagua, sisi huku hakimu anakuja ameshateuliwa na hatuna hata pa kulalamikia kwa urahisi. Mama yangu mirathi ya baba imekaa Mahakama ya Mwanzo tarehe zinasogezwa mpaka ndugu wameshauza kiwanja. Ningekuwa na kura moja tu ya kumwambia yule mtu umeniumiza, ningeitumia. Na anayeteuliwa naye si kuna aliyemteua? Siasa iko kotekote, tofauti huko kwenu imeandikwa pembeni ya jina.

---

Mzee wa Nyamagana

Jirani pole sana, pole kwa mama. Na sikupingi. Mi sisemi kura iondolewe. Nimefikiria sana hili na msimamo wangu ni kwamba kura ibaki, neno la chama litoke. Likitoka watu watalazimika kutafuta kitu kingine cha kumpimia, hata kama ni kumuuliza jirani tu. Ila mpaka watakapolitoa, kura halisi iko Machi, na Machi sisi hatupo. 2022 na 2024 waliojitokeza praimari za Texas, vyama vyote viwili ukiwajumlisha, hawakufika hata mmoja kati ya watano wa walioandikishwa. Na huko chini kwenye viti vya mirathi wanaofika ni pungufu ya hapo, wengi wanaishia juu wanaondoka. Kwa hiyo parokia moja, msikiti mmoja, jumuiya moja ya Wakongo, mkienda kweli mnaonekana kwenye hesabu.

---

Bint Pangani

Sawa nimeshawishika. Sasa nampimaje mtu ambaye sijawahi kukanyaga mahakamani kwake? Na je yule binti wa Mwanza na mke wa marehemu wanaongea?

---

Mzee wa Nyamagana

Nianze na la mwisho. Mwanzoni hawakuongea, na mimi shemeji alininunia miezi, nilikuwa nikipita dukani anageuza uso. Sasa hivi wanaongea. Binti alimtumia picha za graduation, wale wadogo wanamwita dada kwenye simu. Hajadai nyumba iuzwe, amesema moja ya sita yake ikae hapo mpaka wadogo wamalize shule. Karatasi anayo, yameandikwa majina yake yote matatu, na hata mimi nikiondoka duniani hakuna wa kumwambia hukuwepo.

La kumpima. Kwanza mahakama ni wazi, unaingia unakaa nyuma kimya unasikiliza, hata saa moja inatosha kuona anavyoongea na mtu anayelia. Nyingine zinasikiliza baadhi ya mashauri kwa Zoom. Pili, vyama vya mawakili kwenye kaunti kubwa huwa wanapiga kura zao za kuwapima majaji, matokeo wanayatoa kabla ya praimari, yasome ukijua kwamba hao ni mawakili na wana yao. Tatu, taarifa za michango ya kampeni ni za wazi, unaangalia nani kamchangia. Nne, ulizia waliopita pale. Wajane wanajua. Kwenye kila jumuiya yetu kuna watu wawili watatu waliopita mahakama ya mirathi na hakuna anayewauliza kitu kwa sababu tunaona ni habari za msiba, tunaogopa kutonesha.

Alafu mfano wa karatasi ya kura unatolewa mapema kwenye tovuti ya kaunti, unauprinti, unaweka alama nyumbani umekaa, unaingia nao. Karatasi ruksa, simu hawaruhusu kwenye chumba cha kura. Na muwe mmejiandikisha siku 30 kabla. Mwenye green card asiguse kabisa, asije akapigia kura ikamharibia uraia, huyo kazi yake ni kuwakumbusha wenye uraia.

---

Bint Pangani

Nimekuelewa. Mi na mume wangu uraia tunao wote, wote tunafanya usiku.

---

Mzee wa Nyamagana

Basi msingoje ile Jumanne. Kura ya mapema inaanza Februari, na kaunti kubwa zinafungua hata Jumamosi. Nina gari la viti saba. Jumamosi hiyo saa tatu asubuhi ntakuwa parking ya kanisa letu, alafu saa tano napita msikitini kuchukua wengine. Nitumie inbox mko upande gani nijue nimepanga nafasi ngapi.